Jina la Mkwe Wangu

Jumatatu, 7 Julai

Miguu imevimba tena. Nikiibonyeza kwa kidole inabaki shimo, na shimo halina haraka ya kujaa. Uji, vidonge, dirisha lifunguliwe. Kila asubuhi hivyo hivyo.

Somoe alitoka alfajiri kupokea mananasi ya Kiwangwa. Aliporudi hakuvua hata viatu. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akanionyesha simu. Chuo kimoja cha Mbeya kimemkubali. Stashahada ya maabara ya afya. Ada hatuna, hilo halikuhitaji kusemwa. Ataomba mkopo wa serikali.

Niliwafundisha watoto jiografia kwa miaka mingi, na siku zote niliwaambia waandike wazi: nani, wapi, kwa nini. Basi nami nijilazimishe. Somoe ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu mwanangu Hamisi. Mama yake alifariki kabla hajaota meno. Ana miaka thelathini na minne. Ndiye anayenipikia, anayeniogesha, anayenigeuza. Mwingine sina.

Mkopo una kikomo cha umri. Mwaka huu ndio wake wa mwisho. Maombi yanafungwa mwisho wa Agosti.

Alijaza maombi hapa hapa, simu mapajani, harufu ya nanasi mikononi. Aliandika namba ya mtihani wake wa kidato cha nne, na simu ikamjibu kwa jina lake, shule yake, alama zake zote. Nilishtuka. Kuna mahali, sijui wapi, mtu huyu muuza mananasi wa Bagamoyo anajulikana. Nimestaajabu siku nzima.

Jumatano, 9 Julai

Nimemuuliza kwa nini maabara. Nilidhani nalijua jibu. Sikulijua.

Kumbe ni mwaka jana, siku niliyotolewa damu hospitali. Mtaalamu wa maabara alimwona amesimama mlangoni, hatoki, akamruhusu kuchungulia kwenye hadubini. Aliiona damu yangu. Anasema ni viduara vidogo vyekundu, vingi, vimesambaa kama dagaa kwenye jamvi. Anasema alisahau kwamba naumwa. Alisahau hata kwamba ile ni damu ya mtu.

"Bibi, wewe una mji mzima mle ndani. Na hakuna aliyewahi kuniambia."

Mimi niliwachorea watoto mito ya dunia yote ubaoni. Yangu mwenyewe sijaiona, na mjukuu wangu ameiona.

Tangu siku ile akaanza madarasa ya jioni. Akafanya upya mtihani wa sayansi kama mtahiniwa wa kujitegemea, akiwa na wenzake waliokuwa wakimwita mama. Nilijua anasoma. Nilidhani ni kupoteza muda tu, kama wengine wanavyoshona vitambaa.

Ijumaa, 11 Julai

Maombi yamekwama. Cheti cha kuzaliwa kina jina moja, vyeti vya shule vina jingine. Huko kwenye mtandao hao ni watu wawili.

Kosa si la mtu. Ni la desturi yetu, na ni mimi nijuaye jinsi lilivyokuja.

Alipozaliwa, Hamisi alimpa jina la bibi yake, yaani mama wa mume wangu. Mkwe wangu. Jina hilo likaandikwa hospitali. Lakini mimi ni mke wa nyumba hii, na mke hatamki jina la mkwe wake. Hayo niliambiwa na kungwi wangu siku ya kutolewa ndani, na mambo mengine aliyonifundisha nimeyasahau, hilo sikulisahau. Katika maisha yangu yote sijapata kulitamka jina lile. Alipokuwa hai nilimwita Mama. Alipokufa nikamwita Marehemu. Akizungumzwa mwanamke mwingine mwenye jina hilo, hapa mtaani au redioni, mimi husema "yule mwenzake Marehemu".

Sasa nimeletewa mtoto mwenye jina hilo nimlee. Nitamwitaje? Nikamwita Somoe, kwa kuwa ni somo wa Marehemu, wajina wake. Mtaa mzima ukafuata. Siku ya kuanza shule mwalimu alimwuliza jina lake, naye akasema la pekee analolijua.

Wakili mmoja hapa mjini amemwambia dawa ni kiapo. Mzee aliyemjua tangu kuzaliwa aape kwamba majina hayo mawili ni mtu mmoja.

Wazee wa hapa mjini waliomjua tangu kuzaliwa wako makaburini. Nimebaki mimi.

Jumapili, 13 Julai

Sikulala vizuri. Mito minne na bado kifua kizito. Somoe amenipigia pasi baibui. Anaimba jikoni. Sauti mbaya, ya baba yake.

Jumanne, 15 Julai

Bajaji mpaka mlangoni kwa wakili. Somoe alinibeba ngazi tatu za mbele, akanikalisha kwenye kiti cha plastiki.

Wakili ni binti mdogo, anatoka bara, mpole. Aliniamkia vizuri. Aliandika maelezo yetu yote, akayasoma kwa sauti, kisha akanitaka niyaseme mwenyewe. Nikamwambia mkono wangu unaweza kutia sahihi. Akatabasamu.

"Kiapo si karatasi, Bibi. Kiapo ni mdomo. Karatasi inakuja nyuma yake."

Nikaanza. Jina langu, umri wangu, mtaa wangu. Kwamba namfahamu Somoe Hamisi tangu siku aliyozaliwa. Kwamba Somoe Hamisi ndiye yule yule. Nikafika hapo. Wakasubiri. Feni ilikuwa ikizunguka juu. Nikasema siwezi, ni jina la mkwe wangu.

Wakili aliinua uso kutazama kama natania. Halafu uso wake ukabadilika. Alisema hata kwao iko desturi hiyo, mama yake hatamki jina la baba mkwe, anamwita kwa jina la shamba lake. Alinitazama kama mtu anavyotazama jengo la kale. Alisema hawezi kunilazimisha, niende nikafikiri nyumbani, mlango wake uko wazi.

Somoe aliniinua, akanirudisha kwenye bajaji. Njiani alinishika bega ili kona za bajaji zisinitupe. Nyumbani akamenya nanasi, akalikata vipande vidogo vidogo ninavyoviweza, akaniletea. Nikala.

Jumatano, 16 Julai

Niandike sasa, nikiwa na pumzi.

Ningeweza kulitamka.

Lilikuwa limefika kwenye ulimi. Desturi ipo, na nimeishika kwa kweli tangu uanawali wangu. Lakini jana haikuwa desturi. Nilipokuwa nimekaa pale, niliiona Mbeya. Nimefundisha Mbeya kwa watoto maelfu, milima yake, baridi yake, ukungu wake wa asubuhi, na mimi sijapata kuvuka Morogoro. Nikamwona Somoe kule, amevaa sweta, ameinamia hadubini. Nikajiona mimi hapa, nimeinamia beseni, na mkono wa mtu mwingine mgongoni.

Nikaufunga mdomo. Na heshima ikanisitiri vizuri kuliko baibui.

Naogopa kufa na mkono wa mgeni mgongoni. Hilo ndilo. Mengine yote ni maneno.

Jumamosi, 19 Julai

Bi Tatu wa nyumba ya pili alikuja kunitazama. Ni mtani wangu, babu zake na babu zangu walizikana kwa matusi. Habari alikuwa nayo yote. Alikaa kwenye kigoda akatafuna tambuu, halafu akaniuliza kama marehemu mkwe wangu akitajwa atafufuka aje kudai vyombo vyake. Nikamwambia heshima haina mwisho wa muda.

"Heshima gani? Wewe ulikuwa ukimnunia mpaka jikoni kwake. Leo ndiyo umemwonea haya?"

Akacheka mpaka akapaliwa. Nami nilicheka, na kicheko kikanigeukia kikohozi. Alipoondoka niliona kwamba hakuwa akicheka wakati wote.

Jumanne, 22 Julai

Somoe amekwenda Fukayosi na kurudi. Kuna binamu wa marehemu mume wangu kule, Mzee Kondo, alihudhuria akika yake. Alitumaini aape yeye.

Mzee Kondo alifurahi sana kumwona. Alimkalisha, akamwita kwa jina la mama yake mkubwa, kisha kwa jina la dada yake, kisha akamwuliza ameolewa na nani. Hakumbuki akika. Alikumbuka mbuzi wa akika, rangi yake na jinsi alivyokata kamba. Anayekumbuka mbuzi tu hafai kuapa.

Alimpa mihogo. Somoe ameileta, ameichemsha, tumeila na nazi. Alinisimulia habari ya mbuzi kwa kunichekesha. Miguu yake imejaa vumbi jekundu mpaka magotini. Hajanilaumu hata kwa jicho.

Heri angenilaumu.

Jumatatu, 28 Julai

Hakuna kitu. Joto la kifua. Swala kwa kukaa.

Jumamosi, 2 Agosti

Narudi kuandika. Niko hospitali.

Ilikuwa mchana, baada ya adhuhuri. Pumzi ilikuja nusu, halafu robo, halafu ikawa kama kuvuta maji kwa kitambaa. Sikuweza kuita. Somoe alikuwa uani anaanua nguo. Sijui alisikia nini, maana sikutoa sauti. Aliingia akanibeba kama mtu anavyobeba godoro, akatoka nami barabarani kichwa wazi, akasimamisha gari la mtu asiyemjua.

Nataka niandike nilichokiona. Sikuona nuru, sikuona marehemu. Niliona kidevu chake kutoka chini, jasho likidondoka, na juu ya kidevu anga. Anga lilikuwa kubwa kupita kiasi. Nimelifundisha, tabaka moja baada ya jingine. Sikujua kwamba liko karibu hivyo. Sikuogopa. Nilishangaa tu, kama mtoto aliyeonyeshwa bahari kwa mara ya kwanza.

Walinitoa maji kwa sindano. Pumzi ikarudi. Hewa inaingia, inatoka, na mtu halipi chochote. Subhanallah. Miaka yote hii nimepumua kama ninayedai haki yangu.

Jumanne, 5 Agosti

Nyumbani. Daktari alizungumza na Somoe koridoni kwa sauti ndogo. Sauti ndogo za madaktari nazijua.

Jioni alikuja kunipaka mafuta miguuni. Akasema bila kuniangalia:

"Mbeya nimeiacha, Bibi. Nitakaa nikuuguze."

Nilikuwa nimelitaka neno hili. Nililiombea, Mungu anisamehe, juu ya mswala nililiombea. Nikangoja furaha. Haikuja. Alikuwa akipaka mafuta kwa utaratibu, vidole mpaka kisigino, na uso wake ulikuwa kama chumba kilichohamwa.

Nimekipata nilichokitaka. Kinatisha.

Ijumaa, 8 Agosti

Simu yake hajaigusa kwa mambo ya chuo. Mananasi, dawa, mimi. Mimi, dawa, mananasi.

Jana nilimwona amechukua tone la maji ya mtungi kwenye ncha ya kidole. Alikuwa ameliinua kwenye mwanga wa dirisha, amefumba jicho moja. Alikaa hivyo muda mrefu. Tone lilipodondoka akafuta kidole kwenye khanga, akaendelea kuosha vyombo.

Nilielewa kitu ambacho nilipaswa kukielewa siku ya hadubini. Huyu hakuomba mkopo ili anikimbie. Kuna kitu kimemwita. Mimi nimekaa katikati ya mtu na kitu kinachomwita, na nimefunga mdomo, na nimeiita heshima.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimemwambia.

Nilingoja amalize kuchuja uji. Nikamwambia aketi. Nikamwambia kwamba kwa wakili ningeweza kulitamka jina. Kwamba sikunyamaza kwa ajili ya Marehemu, nilinyamaza ili asiondoke.

Alikuwa ameshika bakuli. Hakuliweka chini. Akaniuliza:

"Hata nilipokwenda Fukayosi?"

Nikasema hata alipokwenda Fukayosi.

Akasimama, akatoka. Nikamsikia uani akisugua masufuria ambayo yalikuwa safi. Aliyasugua mpaka adhana ya adhuhuri. Aliniletea chakula bila neno, akanipa dawa bila neno, akanigeuza kwa mikono ile ile. Mikono haikuwa na hasira. Hilo lilinishinda. Mkono ungenifinya kidogo ningepumua.

Baada ya magharibi alikuja akasimama mlangoni.

"Kesho vaa baibui la Idi. Tunarudi kwa wakili."

Hakusema amenisamehe. Sikumwomba aseme.

Jumanne, 12 Agosti

Kabla ya kutoka nilimsomea Marehemu Fatiha. Nikamwambia moyoni: Mama, leo nitakuvunjia heshima kwa ajili ya somo wako. Kama una neno nami, tutaonana si muda mrefu.

Ngazi tatu. Kiti cha plastiki. Feni. Wakili alinisaidia kunyoosha mguu kwenye kibao. Akanitaka nianze nikiwa tayari.

Jina langu. Umri wangu. Mtaa wangu. Kwamba namfahamu Somoe Hamisi tangu siku aliyozaliwa. Kwamba Somoe Hamisi ndiye yule yule.

Nikalitamka.

Lilitoka dogo, na kavu. Sauti yangu mwenyewe sikuitambua. Nilitarajia kitu. Nimelichukua jina hili kinywani tangu nilipokuwa mwari, kama mtu anayevuka mtaa na maji mdomoni. Nilidhani likitoka litavunja kitu. Hakuna kilichovunjika. Feni iliendelea. Nje muuza kahawa akagonga vikombe vyake.

Ila Somoe aligeuka.

Alikuwa akitazama dirishani, akageuka ghafla, kama mtu aliyeitwa kutoka nyuma. Miaka thelathini na minne nimemlea, na hajapata kulisikia jina lake kinywani mwangu. Alinitazama kama tumekutana. Sijui niandikeje. Nimeona mwezi ukipatwa. Nimeona uso wa marehemu mume wangu siku ya harusi. Sikupata kuona kitu kama kile.

Wakili akaniomba nirudie, kwa kuwa hakulisikia vizuri. Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa nyepesi.

Akagonga muhuri.

Ijumaa, 29 Agosti

Maombi yamekwenda. Palitakiwa mdhamini, na picha ya mdhamini. Somoe alinipiga picha mbele ya ukuta. Natoka kama khanga iliyosahauliwa kwenye kamba. Nilimwambia serikali ikiiona picha hii itadai fedha zake kabla haijazitoa. Akacheka. Ni mara ya kwanza kucheka nami tangu siku ya masufuria.

Halafu nikakaa nikifikiri. Nimeahidi, kwa sahihi yangu, jambo litakaloendelea miaka mingi. Mimi, ambaye sinunui tena sabuni ya mche mzima. Na kuna watu, siwajui na hawanijui, wataisoma ahadi hiyo na huenda wakaiamini. Sijui niwaite wapumbavu au niwaombee dua. Nimewaombea dua.

Alhamisi, 18 Septemba

Maji yamerudi kifuani. Si mengi. Bi Tatu amesema akiondoka Somoe yeye atahamia kwangu na kigoda chake, anizike kwa ukaribu. Nikamwambia atakuja kwa ajili ya chai yangu. Akakubali kwamba ni kwa ajili ya chai.

Alinigeuza mara moja kwa majaribio. Mkono wake ni mgumu, una pete. Si mbaya.

Jumatano, 1 Oktoba

Amepata.

Alikuwa stendi, akaacha mananasi yake kwa jirani wa meza, akaja mbio. Aliingia akakaa sakafuni, akaweka kichwa kwenye goti langu. Nilijua kwa uzito wa kichwa.

Amekiandikia chuo. Vyeti vyote sasa vinasoma mtu mmoja.

Jumapili, 12 Oktoba

Ameondoka asubuhi.

Nguo zake kwenye begi la kuazima. Sweta la mtumba, rangi ya kahawia. Alinigeuza, akaniogesha, akanivalisha khanga safi, akamwonyesha Bi Tatu dawa ipi kabla ya chakula na ipi baada, mara tatu, mpaka Bi Tatu akamwambia hata punda huelewa mara ya pili. Alinibusu mkono. Akatoka.

Alipofika uani nilimwita. Sikumwita Somoe. Nilimwita kwa jina lake.

Akaitika, "Labeka, Bibi," papo hapo, kama aliyekuwa akiliitika siku zote. Akarudi mpaka mlangoni kuuliza nataka nini.

Sikuwa nikitaka kitu. Nikamwambia afunge sweta vizuri, Mbeya ni baridi.

Sasa ni alasiri. Bi Tatu amesinzia kwenye kigoda. Upepo unaingia na harufu ya majani makavu ya nanasi kutoka uani. Najua kwamba sitamwona akirudi. Nimelijua hilo tangu zile sauti ndogo za koridoni, na leo nimeliweka mezani, nimelitazama, ni kitu cha kawaida.

Jina lake bado sijaliandika humu. Kuandika nako ni kutamka.

Mwanahawa.